Maumivu, Muwasho na Uvimbe kwa Mwanamke Anayeendesha Baiskeli: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Dawa

Mwanamke anayeendesha baiskeli kila siku, awe anakwenda shambani, anapeleka maziwa mjini, anatembelea kaya kama mhudumu wa afya ngazi ya jamii au anajiandaa kwa mashindano, hubebesha kiti kidogo kisichozidi upana wa viganja viwili sehemu kubwa ya uzito wake. Ngozi inayokutana na kiti hicho ni laini, ina nywele na jasho, na iko jirani kabisa na mlango wa mkojo, uke na njia ya haja kubwa. Si ajabu basi sehemu hiyo ikilalamika. Kinachoniumiza katika kazi yangu ya uuguzi na ukunga ni kumwona mwanamke aliyevumilia miezi mingi, kisha akaenda duka la dawa na kumeza vidonge vya UTI kwa ajili ya tatizo ambalo lingekwisha kwa kulegeza nati moja na kuikaza upya. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na katika jambo hili anayeficha hapati hata nafasi ya kuulizwa swali linalofaa.

Kabla ya kufikiria dawa, jiulize mambo matatu: panauma wapi hasa, panaanza wakati gani, na panapoa lini. Maumivu au ganzi inayoanza ukiwa juu ya baiskeli na kupungua muda mfupi baada ya kushuka hutokana na kiti au jinsi unavyokaa. Ukali unaohisi jioni, maji ya kuoga yanapogusa ngozi, kwa kawaida ni wa michubuko. Dalili zinazoendelea hata wiki ambayo hukupanda baiskeli, hasa zikifuatana na utoko (majimaji ya ukeni) uliobadilika, harufu au homa, zinaelekeza kwenye maambukizi, na baiskeli huenda haihusiki kabisa. Chukua kioo kidogo, kiweke sakafuni mahali penye mwanga, chuchumaa juu yake na utazame. Wanawake wengi hawajawahi kujitazama wakiwa wazima, kwa hiyo siku wanapougua hawawezi kusema ni kipi kimebadilika. Jitazame pia siku ambayo huna tatizo lolote.

Ganzi, na maumivu ya sehemu ya mbele

Ganzi inayoanza baada ya dakika 20 au 30 za safari, ikashika mashavu ya uke na kinembe, kisha ikageuka kuwa hisia ya kuchomwachomwa sindano unaposhuka, ni ishara kwamba neva na mishipa midogo ya damu inabanwa. Mwili umeumbwa kukalia mifupa miwili iliyo chini ya nyonga, ile unayoihisi ukikalia viganja vyako kwenye benchi gumu, na mifupa hiyo inaweza kubeba uzito bila madhara. Tatizo huja pale uzito unapohama kutoka kwenye mifupa na kuangukia nyama laini zilizo mbele yake.

Anza na pua ya kiti, yaani ncha yake nyembamba ya mbele. Simamisha baiskeli mahali tambarare, laza ubao ulionyooka juu ya kiti kutoka nyuma hadi puani, kisha weka juu yake pima maji ya mwashi. Kiti kinapaswa kuwa sawa, au pua iwe imeshuka kidogo, nyuzi 1 hadi 3. Pua iliyoinuka hukandamiza kinena kila unapoinama, na kupanda mlima huongeza shinikizo hilo. Pua iliyoshuka kupita kiasi nayo humtelezesha mwendeshaji mbele, akalazimika kujizuia kwa mikono, na ganzi ikahamia viganjani. Waendeshaji wa mashindano wanaolala juu ya usukani wana mahitaji tofauti. Mwaka 2016, baada ya wataalamu wa timu ya Uingereza kuomba kanuni ilegezwe, Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Baiskeli, UCI, liliruhusu kiti kuinamishwa hadi nyuzi 9.

Kisha pima urefu. Kaa kitini huku mtu amekushikia baiskeli, shusha pedali hadi chini kabisa na uikanyage kwa kisigino. Mguu unatakiwa kunyooka bila nyonga kuinama upande mmoja. Kiti kikiwa juu mno, nyonga huyumba kushoto na kulia kila unapokanyaga, na kila kuyumba ni msuguano. Wanawake wengi huendesha baiskeli za mtumba zilizotengenezwa kwa wanaume warefu. Fremu yake ni ndefu, usukani uko mbali, na mwendeshaji hulazimika kujivuta mbele hadi anakalia pua badala ya sehemu pana ya nyuma. Fundi anaweza kusogeza kiti mbele kidogo kwenye reli zake, kuinua usukani, au kuweka shingo fupi ya usukani. Fremu ikiwa kubwa mno kwako, marekebisho hayo yatapunguza maumivu bila kuyaondoa, na ni bora kulijua hilo mapema kabla hujaendelea kutumia fedha kwa fundi.

Upana wa kiti unaweza kuupima nyumbani. Weka kipande cha boksi la karatasi ngumu juu ya benchi, kalia kwa dakika moja huku umeinama kama unavyoinama barabarani, kisha inuka upapase. Utapata mabonde mawili. Pima umbali kutoka katikati ya bonde moja hadi katikati ya jingine na uongeze takribani sentimita 2. Huo ndio upana wa chini wa sehemu ya nyuma ya kiti kinachokufaa. Anayeendesha akiwa amekaa wima huhitaji kiti kipana zaidi ya anayeinama. Nyonga za wanawake wengi zina mifupa iliyoachana zaidi kuliko ya wanaume, na ndiyo maana kiti kilichomfaa kaka yako kinaweza kukutesa.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuongeza sponji. Mtu akiumia hufunga kitambaa, kipande cha godoro au kava laini juu ya kiti na kukaza kwa mpira wa tyubu. Kwa dakika kumi za kwanza panakuwa raha. Baadaye mifupa huzama, na sponji iliyo katikati hujitokeza juu na kubana palepale panapotakiwa kuachwa huru. Kiti kigumu kiasi, chenye upana unaofaa na uwazi au mfereji katikati, huumiza siku chache za mwanzo kwenye mifupa tu, na maumivu hayo huisha mwili ukizoea. Katika safari ndefu, inuka na usimame juu ya pedali kwa sekunde kadhaa kila baada ya dakika 10 au 15 ili damu ipite.

Ganzi ya kiti huisha ndani ya saa chache. Ikidumu zaidi ya siku moja, pumzisha baiskeli na uende kituo cha afya. Ganzi inayozunguka njia ya haja kubwa, ikiambatana na miguu kulegea au mkojo kushindwa kutoka au kuzuilika, ni dharura ya uti wa mgongo na haihusiani na kiti. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Uvimbe wa upande mmoja

Mama mmoja muuza mboga alikuja zahanati shavu la kushoto la uke likiwa limevimba kuliko la kulia. Lilikuwa halina joto wala usaha, na yeye hakuwa na homa. Alikwisha kumeza dozi tatu za antibayotiki katika miezi miwili. Nilimwomba alete baiskeli yake chini ya mwembe, nikakandamiza kiti kwa kiganja: kilizama kushoto, kulia kikabaki juu. Springi moja chini ya kiti ilikuwa imekatika na mtu alikuwa ameifunga kwa waya. Kila siku, kwa saa mbili za kwenda na kurudi na tenga la mchicha kwenye keria, mwili wake ulikuwa umelalia upande mmoja. Fundi alibadilisha springi zote mbili, mama akapumzika siku kumi, na uvimbe ukapungua wenyewe.

Kwa hiyo, uvimbe wa upande mmoja ukitokea, kagua kiti kabla ya kujikagua wewe. Kandamiza kila upande, tazama springi, tazama kama kiti kimepinda kutoka mstari wa fremu. Kwenye kiti cha ngozi angalia kama katikati pamebonyea kama machela. Kuna nati chini ya pua ambayo ikikazwa kidogo kidogo huivuta ngozi irudi. Mguu mmoja ukiwa mfupi kuliko mwingine, matokeo ni yaleyale hata kiti kikiwa kizima.

Usiache jambo hili liendelee kwa miaka. Mwaka 2002 madaktari wa Ubelgiji walieleza katika jarida la kitabibu la British Medical Journal wanawake 6 wa mashindano, waendeshaji wa mamia ya kilomita kwa wiki, waliopata uvimbe sugu wa shavu moja la uke. Mgandamizo na uvimbe unaojirudia vinaweza kuharibu njia za limfu, yaani mirija inayoondoa majimaji kwenye nyama za mwili, na hapo ngozi haisinyai tena kirahisi.

Si kila uvimbe lakini ni wa kiti. Uvimbe wa mviringo kama gololi, ulio chini upande mmoja wa mlango wa uke, mara nyingi ni tezi ya Bartholini, tezi ndogo inayotoa ute wa kulainisha uke, iliyoziba. Ukiwa hauumi, kukalia maji ya uvuguvugu mara kadhaa kwa siku husaidia. Ukianza kuuma sana na kuwa mwekundu, una usaha na unahitaji kupasuliwa na mtaalamu. Mwanamke aliyekeketwa ana kovu lisilonyumbulika, ambalo huchanika haraka kwa msuguano na wakati mwingine huota kivimbe ndani yake. Amweleze mhudumu bila hofu, kwa kuwa bila taarifa hiyo matibabu yanaweza kwenda kombo. Mwanamke mwenye umri mkubwa akiona uvimbe mpya, au yeyote akiona uvimbe usiopungua baada ya wiki 2 za kupumzisha baiskeli, apimwe.

Michubuko

Hapa mshitakiwa mkuu ni nguo. Geuza chupi au taiti unayovaa ndani nje na utafute mshono unaopita katikati. Ukiulinganisha na alama iliyo mwilini, mara nyingi utaona vinafuatana. Sketi, dera au kanga iliyokunjwa chini ya makalio hutengeneza tuta ambalo kila mzunguko wa pedali hulisugua. Hakuna haja ya kuacha mavazi ya heshima. Vaa ndani taiti fupi inayobana kiasi, isiyo na mshono wa katikati, na upange vazi la juu liangukie nyuma ya kiti au pembeni badala ya kulikalia. Kaptula maalumu za baiskeli zenye pedi ya kushonewa huvaliwa bila chupi, jambo ambalo wengi huona aibu kulifanya. Chupi ndani yake hurudisha ule mshono ambao kaptula imetengenezwa kuuondoa. Ifuliwe kila baada ya safari na ianikwe juani ikiwa imegeuzwa ndani nje.

Paka mafuta ya mgando kiasi kidogo kwenye mikunjo ya mapaja na mashavu ya nje kabla ya kuondoka, bila kuyaingiza ukeni. Ngozi iliyokwisha chubuka ioshwe kwa maji matupu, ikaushwe kwa kugusagusa kwa kitambaa safi, na ipakwe krimu ya zinki ile ya kuzuia upele wa nepi. Siku mbili au tatu bila baiskeli hufanya kazi ambayo hakuna krimu inaweza kuifanya.

Ninasihi sana kuhusu krimu za mchanganyiko zinazouzwa madukani kwa jina la dawa ya kila kitu, zenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho), antibayotiki na dawa ya fangasi kwa pamoja. Hutuliza muwasho usiku uleule, ndiyo maana zinapendwa. Zikitumika wiki kwa wiki huifanya ngozi kuwa nyembamba, na ngozi nyembamba juu ya kiti huchubuka upesi zaidi kuliko mwanzo.

Vipele na majipu

Vipele vidogo vyenye kichwa cheupe kwenye vinyweleo ni uvimbe wa mashina ya nywele, na chanzo chake cha kawaida ni kunyoa. Wembe hukata ngozi kwa mikwaruzo isiyoonekana, jasho na msuguano huingiza bakteria, na nywele inayoota upya hujikunja na kurudi ndani. Kabla ya Olimpiki ya Rio ya 2016, wataalamu waliokutana kusaidia timu ya wanawake ya Uingereza waliwashauri waendeshaji waache kuondoa nywele za sehemu za siri, kwa sababu nywele hupunguza msuguano. Ninajua kwamba kwetu kunyoa ni usafi na kwa wengi ni jambo la dini. Anayenyoa anyoe siku ambayo hatapanda baiskeli kesho yake, kwa wembe mpya, kwa kufuata uelekeo wa nywele, au apunguze kwa mkasi au mashine isiyogusa ngozi pale taratibu zake zinaporuhusu.

Jipu lisikamuliwe. Kitambaa cha maji ya moto kiasi, kikiwekwa kwa dakika 10 mara 3 au 4 kwa siku, hulisaidia kuiva na kufunguka. Likipanuka kwa haraka, likileta homa au mistari myekundu, au yakijirudia mwezi hadi mwezi, nenda kituoni na uombe kupimwa sukari pia.

Mkojo unaochoma

Hapa ndipo watu hukosea zaidi, na swali moja hutenganisha mambo mawili: unachoma ndani au unachoma nje? Mkojo unaochoma pale unapogusa ngozi, na usiochoma ukijimwagia maji wakati wa kukojoa, umekutana na mchubuko. Ule unaochoma ndani kabla haujatoka, ukiambatana na haja ya mara kwa mara ya matone machache na maumivu chini ya kitovu, ni wa maambukizi ya njia ya mkojo.

Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa takribani sentimita 4, ukilinganisha na karibu 20 za mwanaume, na bakteria wa njia ya haja kubwa hawana safari ndefu. Mwendeshaji huwasaidia asipokunywa maji ili asisumbuke njiani na anapobana mkojo kwa sababu hakuna choo salama. Kunywa kabla na wakati wa safari hadi mkojo uwe wa rangi hafifu, kojoa kabla ya kupanda na mara ushukapo, na ujipanguse kutoka mbele kwenda nyuma. Maambukizi yenyewe yanahitaji kipimo cha mkojo na dawa iliyoandikwa. Homa, kutapika au maumivu ya ubavuni na mgongoni yanamaanisha figo zimeguswa. Siku hiyohiyo nenda hospitali. Mjamzito aende hata kwa dalili ndogo.

Damu kwenye mkojo ina maelezo mengine katika maeneo yetu. Anayeishi au aliyekulia Unguja, Pemba, Tanga au vijiji vya kusini mwa Ziwa Victoria, akavuka mito, akalima mpunga au kufulia kwenye mabwawa, anaweza kuwa na kichocho. Kichocho cha sehemu za siri huleta muwasho, utoko na damu, na mara nyingi hudhaniwa kuwa ugonjwa wa zinaa. Hutibiwa kwa dawa ya prazikwanteli, si kwa kurekebisha kiti.

Muwasho, utoko na harufu

Muwasho mkali wenye utoko mzito mweupe kama maziwa yaliyoganda, usio na harufu kali, kwa kawaida ni fangasi aina ya kandida. Joto na nguo iliyolowa jasho huwapa mazingira mazuri, kwa hiyo badili nguo mara ufikapo. Usikae na taiti ile ile ukipika hadi jioni. Antibayotiki zilizomezwa bila sababu huua bakteria wazuri wa uke na kuwafungulia fangasi mlango, na hivi ndivyo mchubuko wa kiti unavyozaa ugonjwa wa kweli. Vidonge vya klotrimazoli vya kuweka ukeni hutibu wengi, lakini anayepatwa kwa mara ya kwanza, mjamzito, au anayerudiwa mara kwa mara apimwe kwanza, ikiwemo sukari na VVU.

Utoko mwepesi wa kijivu wenye harufu ya samaki huashiria uwiano wa bakteria ukeni kuvurugika, na mchochezi mkubwa ni kujiosha ndani. Uke mzima una uasidi wa pH 3.8 hadi 4.5, unaotunzwa na bakteria wake wenyewe. Sabuni, ndimu, dawa za kuua vijidudu na kitunguu saumu huvunja kinga hiyo. Osha nje tu, kwa maji. Utoko wa kijani au njano, vidonda, au maumivu ya tumbo la chini yanahitaji uchunguzi wa magonjwa ya zinaa kwako na kwa mwenzi wako.

Hedhi na kukoma hedhi

Kingo za pedi hukwaruza mapaja, na pedi iliyolowa hulainisha ngozi hadi ikachanika. Badilisha kabla ya safari na baada yake. Anayeweza kutumia kikombe cha hedhi hukaa nacho kwa muda usiozidi saa 12. Baada ya kukoma hedhi homoni ya estrojeni hupungua, ngozi ya uke hukauka, na kiti ulichokikalia kwa miaka 20 huanza kukuumiza bila kubadilika. Daktari anaweza kukupa krimu ya estrojeni. Damu yoyote baada ya kukoma hedhi ipimwe bila kuchelewa.

Baada ya kuanguka juu ya bomba la fremu

Weka kitu cha baridi kilichofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 15, na upumzike. Uvimbe unaokua mbele ya macho yako, damu isiyokoma, au kushindwa kukojoa ni sababu za kwenda hospitali mara moja, hata kama ni usiku. Kwa binti, mzazi asitangulize swali la bikira. Kizinda hutofautiana kwa umbo tangu kuzaliwa, na hakuna uchunguzi unaoweza kuonyesha kama msichana amewahi kukutana na mwanaume. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka upimaji huo ukomeshwe. Nimewaona mabinti wakificha jeraha kwa siku tatu kwa kuogopa swali hilo, na damu iliyovilia ikawa imeshaoza.

Ukifika kituoni

Mweleze mhudumu unaendesha saa ngapi kwa siku, umebeba nini, dalili zilianza siku gani, na dawa zote ulizokwisha kutumia hata kama zilitoka dukani au kwa jirani. Omba kuangaliwa na mhudumu wa kike ukiona hivyo ni afadhali. Una haki ya kuomba. Na kama ulikwenda kwa baiskeli hiyo hiyo, mwombe atoke nje akaitazame.